Mstari wa Buluu Jikoni kwa Dada

Mimi naogopa maji, na kazi inayonilisha ni kuchora mahali yalipopita. Naishi Bwera, lakini ramani iliyoninyima usingizi ni ya mji mdogo ulio juu ya Kasese, kwenye bonde la mto Nyamwamba. Zamani ulikuwa mji wa wachimba shaba. Leo ni mji wa wageni. Wanalala hapo kabla ya kupanda Rwenzori, wanarudi na magoti yanayouma, wanaomba maji ya moto. Watu wa utalii waliniagiza nichore jinsi mji ulivyobadilika, nyumba kwa nyumba, tangu enzi za machimbo.

Nililaza ramani tatu moja juu ya nyingine kwenye kompyuta. Ya kwanza ilikuwa na nyumba za wachimbaji, zimepangwa safu safu. Ya pili, iliyochorwa baada ya mafuriko, ilijaa mapengo, na mto ulikuwa umehamia katikati ya mji. Ya tatu ni ya leo: mto umerudi pembeni, na kila pengo limejengwa nyumba ya wageni. Nikaipaka buluu njia ya mto wa mafuriko, kisha nikaifuata kwa kidole juu ya mji wa leo. Ilipita mapokezi ya hoteli mpya, ikapita uwanja wa kuegesha magari, ikaingia jikoni kwa dada yangu. Nilifunga kompyuta. Nilipoifungua tena, jiko lilikuwa pale pale.

Dada yangu huyo ndiye mkubwa wetu. Aliuza vitenge sokoni Bwera miaka mingi, kati ya wateja wa Kongo, mpaka Kiswahili chake kikawa cha kwao, na simu yake akazoea kuichomeka ndani ya kilemba, sikioni, ili mikono ibaki huru. Kisha akahamia bondeni na kujenga vyumba vya wageni. Kuta ni za mawe ya mto. Wageni wanazipenda, wanazipiga picha. Hawajui kwamba mawe hayo yaliletwa na mafuriko yale yale yaliyoubomoa mji, makubwa kama ng'ombe aliyelala, nasi tukayapasua kwa nyundo tukajengea. Hadi leo tunayapasua. Mto ukipungua, bonde zima hushuka na nyundo na sepetu, maana ndipo mchanga safi na mawe mazuri huonekana. Kwetu mto kupungua ni habari njema, hata mto uliowahi kuzika jirani.

Nilimwonyesha dada ule mstari. Aliutazama kwa makini, akacheka.

"Ramani iko muzuri. Utanipatia moja niweke mu chumba ya kulia ya wageni?"

"Dada, huu mstari umepita jikoni kwako."

"Mu jikoni yangu kunapita watu wengi."

Wiki iliyofuata nilipanda juu na waongoza wageni, nikapime njia. Mahali bonde linapobana, niliona mteremko mzima umepasuka, umening'inia juu ya maji na miti yake imeinama. Nilitia alama, nikaondoka hapo haraka.

Siku niliyorudi ilikuwa alasiri ya jua kali. Huku bondeni hapakuwa na tone la mvua, lakini mlima ulikuwa umefunikwa na wingu jeusi. Nilikuwa nanywa chai uani kwa dada nilipogundua kwamba sisikii mto. Nikasimama. Maji yalikuwa yamebaki vijito vidogo kati ya mawe. Tayari watu walikuwa wanashuka mbio, wanaitana kwa furaha, na dada alikuwa mbele yao na nyundo begani.

Mvua inanyesha mlimani na mto unapungua. Hayo mawili hayaendi pamoja, isipokuwa kitu kimeziba huko juu. Niliuona ule mteremko akilini, umeporomoka na kuufunga mto. Nikapiga kelele kwa sauti ambayo sikujua ninayo, sauti ya askari kabisa: "Toka! Panda juu! Wote!"

Walinishangaa. Wa kwanza kunisikiliza alikuwa dereva wa lori la mchanga, Mwislamu wa Kasese, aliyekuwa ametandika mkeka wake kwa swala ukingoni. Akaukunja, akalirudisha lori nyuma. Walipoona lori linaondoka, na wengine wakapanda. Dada alikuja wa mwisho, kwa hasira.

Tukasimama ukingoni, tunatazama juu. Kisha maji yakaja: rangi ya chai ya maziwa, yamebeba matawi, kina chake cha kufika vifundoni mwa miguu tu, yakaendelea na safari yake. Basi. Mawe mazuri yakafunikwa, na siku ya kazi ikapotea. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Kuanzia hapo jina langu likawa Afande wa Mto.

"Mwenye kuumwa na nyoka akiona ukamba anashituka," dada aliniambia jioni akikoroga sosi. "Lakini weye nyoka haikukuuma. Uliichora tu."

Niliona aibu, lakini hofu ilikuwa kubwa kuliko aibu, kwa sababu nilijua siku nyingine nikipiga kelele hakuna atakayepanda.

Ramani ilikamilika. Dada ameitundika kwenye chumba cha kulia, na wageni wakiuliza huo mstari ni nini, huwaambia ni Nyamwamba wa zamani, na kwamba hapa wanapokula ni katikati yake. Wanafurahi sana.

Juzi nilikuwa nyumbani Bwera, naanua nguo kwa sababu ya mawingu, simu ikalia.

"Afande," dada alisema, na mara hii hakuwa anatania. "Maji imepunguka. Imepunguka sana. Watu beko ndani ya mto. Watoke ao wabakie?"

Nyuma ya sauti yake nilisikia nyundo nyingi zikigonga. Nilitazama upande wa mlima, sikuona mlima. Ramani yangu inajua mto ulipita wapi. Haijui utapita lini.

"Watoke."

"Uko na hakika?"

"Sina."

Alipaza sauti kwa watu wake, kwa ukali, kama nilivyofanya mimi siku ile. Nyundo zikaanza kunyamaza, moja baada ya nyingine, mpaka ikabaki moja tu.

"Dada, nani huyo bado anagonga?"

"Ni miye," akasema. "Wacha nimalize hii jiwe moja."