Mfungo wa Kati ya Idi Mbili

Mpwa wangu alifika Rumonge kwa likizo, au konji kama tusemavyo hapa, siku moja kabla ya Idi. Dada yangu, mama yake, alimpokea kituoni kwa vigelegele, akamshika mashavu mbele ya watu kama mtu anayechagua nyanya sokoni. Kijana alikuwa ametoka Kongo, ng'ambo ya ziwa, ambako kikosi chake kilikuwa kimepelekwa vitani. Alikuwa amekonda. Mkoba wake ulikuwa mpya na viatu vyake vilikuwa vimefungwa kwa kamba ya nyavu.

Siku ya Idi alikula. Nakumbuka vizuri kwa sababu mama yake alikuwa akimwongezea kila anapomaliza, mukeke, samaki wa ziwa letu, wa kukaanga na ndizi, na yeye hakukataa hata mara moja. Kesho yake akafunga. Hakuna aliyeshangaa. Wengi wetu hufunga zile siku sita za Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, kwa kutafuta thawabu. Mimi niliyemfundisha alifu na be nilijivuna kidogo. Nikasema moyoni, vita havijamharibu.

Sita zikaisha, naye akaendelea. Jirani yetu fundi wa baiskeli akamtania barazani.

"We afande, sita zako zimezaa? Ama huko jeshini hesabu iko tofauti?"

"Zimezaa mapacha, mzee," akajibu mpwa wangu, na watu wakacheka.

Mama yake hakucheka. Anapikia wasafiri karibu na kituo cha mabasi. Tangu asubuhi mikono yake imo katika ugali na ndagala, wale dagaa wetu wa ziwa, na mtu mmoja tu mtaani alikuwa hagusi chakula chake mchana, mtoto wake mwenyewe. Akaja kwangu.

"Kaka, huyu mutoto iko na kitu. Magharibi anakula kama ndege, halafu anakaa uani anaangalia ziwa. Mwambie ale. Mimi hanisikii. Wewe anakusikia."

Ni kweli alikuwa ananisikia. Baba yake alifariki yeye akiwa bado wa kubebwa, na mimi ndiye niliyemlea na kumsomesha. Nilimfundisha pamoja na watoto wengine kuhesabu madhambi makubwa kwa vidole, wakikunja kidole kimoja kwa kila dhambi: shirki, kuua nafsi, kula riba, kula mali ya yatima. Na alipoandikishwa jeshini, mimi ndiye niliyemsomea dua nikampaka mafuta kichwani. Mabati ya madrasa yangu yalitoka kwenye mshahara wake wa mwanzo. Haya nayataja sasa kwa sababu yanahitajika mbele.

Nyuma ya nyumba nina mashine ndogo ya kukamua mawese. Asubuhi moja alikuja kunisaidia kuchemsha chikichi. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri na hewa ikawa safi, hata milima ya Kongo ilionekana na mikunjo yake. Yeye alichochea moto, mimi nikakoroga pipa. Nikamwuliza bila kumwangalia, hizi saumu zake za sunna zitaisha lini.

"Si za sunna, mujomba. Ni kafara."

Nikaacha kukoroga.

Dini yetu imeharamisha kuua. Lakini aliyemwua mwenzake katika imani kwa kukosea amewekewa njia: awape jamaa wa marehemu haki yao, na, kwa kuwa leo hakuna mtumwa wa kuacha huru, afunge miezi miwili mfululizo. Akikata bila udhuru, anaanza upya. Hii ni sheria niliyoifundisha miaka mingi kama mtu anavyofundisha jina la mji wa mbali. Sikuwahi kukutana na aliyeihitaji.

Akanieleza. Alikuwa zamu karibu na matete ya ziwa, kabla ya jua. Mtu akatoka kwenye matete amebeba mzigo kichwani. Akamwamuru asimame, hakusimama. Akapiga risasi. Mzigo ulikuwa wavu.

"Nilipofika alikuwa anatoa shahada, mujomba. Anaitamka vizuri kama mutu wa mtaani kwetu. Jamaa zake siwajui na siwezi kuwatafuta. Mkuu wangu akasema kazi nzuri, huyo ni mpelelezi. Wakamhesabu adui."

Zamani nilikuwa napelekea redio habari za soko la samaki na ajali za barabarani, na ile kazi iliniachia mazoea. Nikianza kuuliza sijui kuacha. Nikamwuliza kulikuwa na mwanga kiasi gani. Kidogo. Alisimama mbali naye kiasi gani. Kama kutoka hapa hadi kwenye ule mchikichi. Alimwonya mara ngapi? Mara mbili.

"Kwa lugha gani?"

Akasukuma ukuni ndani. Moto ulikuwa unalia.

"Kwa Kirundi," akasema. "Kama tulivyofundishwa kambini."

Mtu wa ng'ambo ile, mvuvi, aliyesema Kiswahili kama sisi, huenda Kirundi hakukielewa hata neno. Nilimwona mpwa wangu anavyolifikiria jambo hili kwa mara ya kwanza, hapo hapo mbele yangu, na uso wake ulivyobadilika. Na mimi, Mungu anisamehe, kwa muda mfupi nilijisikia kama zamani, kama mtu aliyepata habari yake. Kwa mengine ya siku ile nimejaribu kujitetea. Lile sijapata utetezi wake.

Alikuwa ameyapanga yote. Kufunga siku za Idi ni haramu, na kati ya Idi hizi mbili, ya Ramadhani na ya Kuchinja, nafasi ya miezi miwili inatosha na kubaki siku chache tu. Mwezi mmoja angeufunga hapa nyumbani, wa pili angeumalizia kwenye kambi yao Bujumbura kabla hawajavushwa tena.

"Sitaki kurudi kule na huyu mutu shingoni," akasema. "Nikifa, nife nimemaliza. Ila mama asijue. Akijua nimeua, hatanipikia tena kwa mkono ule ule."

"Mama yako? Atakupikia."

"Atapika. Lakini si kwa mkono ule."

Akaniuliza alichotaka kuniuliza tangu alipofika: je, saumu yake ni sahihi? Ile risasi ilikuwa kukosea, ikafaa kafara, ama ilikuwa makusudi, ambayo haina kafara ya namna hii? Ama ni vita, na katika vita hakuna hata moja kati ya hayo mawili? Nilikuwa na madrasa, nilikuwa na vitabu ndani. Hata hivyo nikamwambia nitamwuliza shehe.

Shehe wetu si mtu mwoga, lakini nilipomweleza, bila kumtaja mwenyewe, alifunga mlango kwanza ndipo akakaa.

"Unajua nyumba ngapi hapa zina mtoto jeshini," akasema. "Nikitoa hukumu kwamba huyu mmoja ana kafara, kesho kina mama wote watasimama mlangoni kwangu wakiuliza, na wangu? Na mimi kila Ijumaa nawaombea wanajeshi wetu ushindi. Sasa niwaombee ushindi Ijumaa, Jumamosi niwafungishe miezi miwili?"

"Kwa hiyo nimwambie nini?"

"Mwambie kufunga hakumdhuru mtu. Afunge kimya kimya."

Nikarudi nyumbani na maneno hayo, na kwa mpwa wangu nikayapunguza zaidi. Nikamwambia shehe anasema endelea. Akaushika mkono wangu akaubusu. Sikumwambia kwamba shehe hakusema saumu ile ni sahihi wala si sahihi. Nilifurahi kwamba kila mtu amepata kitu cha kushika.

Wakati huo dada yangu alikuwa amepanga dua ya shukrani kwa kurudi salama kwa mtoto wake. Akanijia na habari: Ijumaa, baada ya sala ya adhuhuri, pilau kwa mtaa mzima, mchele ameshanunua. Hapo ningeweza kusema neno moja, fanya magharibi. Lakini angeniuliza kwa nini, na nikimpa sababu ya uongo angeigundua, maana ni dada yangu. Nikamwambia vizuri, Mungu akipenda. Nikajidanganya kwamba kijana mwenyewe atajua la kufanya.

Ijumaa ile mikeka ilijaa uani hadi barabarani. Tukasoma, tukaitikia amina. Wakaja majirani Wakristo pia, na mama wawili waliokimbia vita ng'ambo ambao dada yangu aliwakuta sokoni akawaalika. Sinia zikapangwa. Ya mbele kabisa, yenye kichwa cha samaki sangala juu ya wali, dada yangu aliibeba mwenyewe akaiweka mbele ya mwanawe, akapiga magoti.

"Kula, baba. Leo ni yako."

Mpwa wangu akaweka mkono kifuani, akasema kwa sauti ndogo kwamba amefunga, mama amsamehe, ataila magharibi. Fundi baiskeli akasema, "Bado tu? Hawa mapacha wamekuwa watu wazima!" Safari hii kicheko kilikuwa kifupi, kwa sababu dada yangu alikuwa bado amepiga magoti na machozi yamemjaa. Mmoja wa wazee akanung'unika kwamba mama ni mama. Mwingine akauliza kama kijana anaogopa chakula cha nyumbani, kwamba huenda kule wamemwambia kitu. Neno la uchawi lilikuwa karibu kutamkwa. Nilikuwa naliona linakuja.

Dada yangu akanigeukia.

"Mujomba wake, mwambie."

Uwanja mzima ukaniangalia. Sheria ya adabu ilikuwa tayari mdomoni mwangu, kila mtu pale anaijua: mwenye saumu ya sunna akiitwa karamuni, na mwenyeji akaumia kwa yeye kutokula, anaweza kufungua kwa heshima yake na hana dhambi. Ni kweli. Ni sheria nzuri, ya upole. Lakini ni ya sunna tu. Kafara haifunguliwi kwa pilau.

"Kula, baba," nikasema. "Saumu ya sunna inafunguliwa kwa heshima ya mwenyeji. Na mwenyeji wako ni mama."

Wazee wakaitikia, naam, ndivyo. Mpwa wangu akaniangalia. Sikuona hasira usoni mwake. Alikuwa na uso ule wa utotoni, anapokosea aya na kungoja nimrekebishe. Labda alikuwa anangoja niseme jingine. Mimi nikatazama sinia. Akanyoosha mkono, akasema bismillahi, akala. Dada yangu akapiga vigelegele, na wanawake wote wakaitikia, na wale mama wawili waliotoka vitani wakapiga kwa nguvu kuliko wote, kwa furaha ya mtoto wa mwenzao aliyerudi mzima.

Nilikula na mimi. Nakumbuka wali ulikuwa umeiva sawasawa.

Watu walipotawanyika alinikuta kwenye birika la kunawia.

"Pilau ilikuwa tamu, mujomba."

"Ningeweza kusema nini? Mbele ya watu wote wale?"

"Hapana, umesema vizuri. Mama amefurahi." Akajifuta mikono polepole. "Ila sasa haiwezekani tena kabla ya Idi ya Kuchinja. Nitaanza ikishapita."

"Utakuwa ng'ambo."

"Ndiyo."

Nikataka kumwambia kwamba ile risasi ilipigwa na serikali, si yeye. Kwamba mtu aliyekula kiapo anaweza kulala. Nilikuwa nimeandaa maneno hayo usiku. Lakini mtu ambaye nimemvunjia saumu kwa sheria ninayojua haimhusu, ningemfundishaje sheria nyingine? Nikamwambia tu Mungu ni mwingi wa rehema. Akasema amina, kama anavyoambiwa mtu msibani.

Aliondoka konji ilipoisha. Mama yake alimfungia ndagala wakavu kwenye mfuko wa nailoni, na mwingine juu yake ili harufu isitoke. Mimi nilimsindikiza hadi kituoni. Hakuniomba nimsomee dua, nami sikujitolea.

Idi ya Kuchinja ikapita. Kiangazi kilikuwa kimeingia na vumbi lilikuwa limeficha milima ya Kongo, ukitazama ziwa ni kama halina upande wa pili. Siku moja alasiri, watoto wakiwa madrasani wanahesabu madhambi kwa vidole chini ya yale mabati, simu ikalia. Mtandao ulikuwa unakatika.

"Mujomba, tuko huku. Niko mzima. Nimeanza tena."

"Chakula?"

"Tunapewa mchana. Nampa mwenzangu. Mwambie mama ndagala zake nazila magharibi, zimebaki kidogo."

Simu ikakatika. Dada yangu alikuwa ameshafika mlangoni, mikono ina unga. Alikuwa ameambiwa na mtu kwamba naongea na mwanawe.

"Anasemaje?"

"Mzima. Anasema ndagala zako anazila."

Akashusha pumzi ndefu, akakaa kwenye benchi la watoto, akacheka.

"Umeona, kaka? Tangu siku ile umwambie ale, amepona."

Watoto walikuwa wananingoja. Kidole cha pili, kile cha kuua nafsi, kilikuwa bado kimekunjwa.