Springi Nilizofunga Wiki ya Harusi

Mwanangu, ipo Jumamosi moja ninayoikumbuka kuliko hata siku niliyooa mwenyewe. Sijawa mzee wa kutembelea mkongojo, ila mvi hizi unazoziona nyingi zilianza siku ile, na sijapata bado mtu wa kunipunguzia uzito wake. Nakusimulia kwa sababu nimeona gari ulilonunua, na nimesikia unavyotaka kulishusha likae karibu na ardhi.

Wakati huo nilikuwa fundi wa magari hapa Babati, kwenye gereji ya Mzee Bura, mtu aliyenifundisha kazi tangu sijui kushika spana. Nilikuwa na gari langu la michezo, jekundu, la milango miwili, nililolinunua kwa mchimbaji mmoja wa Simanjiro aliyekuwa anahama. Nililikuta limechoka, nikalifufua taratibu, mpaka injini ikawa inanguruma watu wakageuka. Kasoro yake ilikuwa moja tu. Lilikaa juu, na kwenye kona lililala upande. Nikataka likae chini, likaze, lishike barabara. Nikaagiza Arusha springi fupi na ngumu, pamoja na shokapu za kuendana nazo. Springi zikafika Jumatatu. Shokapu zikachelewa.

Jumamosi ya wiki hiyo mdogo wangu Emanueli alikuwa anaoa, na mimi ndiye niliyeahidi kuwabeba maharusi.

Mzee Bura aliniona nazo springi, akauliza, "Na shokapu ziko wapi?"

"Bado, Mzee. Nafunga springi kwanza. Shokapu nitabadilisha zikija."

Akaweka chini kikombe chake cha chai. "Sikiliza. Springi inabeba gari, shokapu inalituliza. Ukifunga springi ngumu namna hiyo juu ya shokapu zilizokwisha, gari litadunda, na tairi likiwa hewani huna usukani, huna breki. Wabebe maharusi na springi zako za zamani. Watafika."

"Nimekusikia, Mzee."

Kusikia nilisikia. Ijumaa mchana, alipokwenda msibani Nakwa, niliinua gari kwa jeki, nikafunga mwenyewe, kwa mikono hii aliyoifundisha yeye. Liliposhuka chini, mwanangu, lilikuwa zuri. Siwezi kukudanganya. Nililizunguka kama mtu anayechumbia.

Nikalijaribu hadi Sigino. Kila lilipopita kwenye bonde la barabara lilidunda mara tatu, mara nne, ndipo litulie, na usukani ukawa mwepesi mkononi. Nilijua maana yake. Huwa narudi hapo kila siku katika mawazo yangu, kwa kuwa hapo sikuwa mjinga. Nilijua, na nilikuwa na jioni nzima ya kuzifungua zile springi na kurudisha za zamani. Nikaliosha, nikalifunga maua.

Kesho yake tulipotoka kanisani, gari likadunda pale pale getini. Emanueli akainama mbele akanishika bega. "Kaka, mbona linarukaruka hivi? Liko salama?"

"Liko poa," nikamwambia. "Mwangalie shemeji, gauni lisishikwe na mlango."

Tulikuwa tunaelekea ukumbini upande wa Singe. Nyuma yetu magari yalipiga honi, pikipiki zilitupita zikituzunguka, watu barabarani wakatupungia mikono. Nikakanyaga mafuta. Hakuna aliyeniomba. Mbele ya daraja dogo lami ilikuwa imebonyea, gari likaingia pale, likaruka, likatua, likaruka tena kabla halijatulia. Nilikata usukani, likakataa kufuata. Likaacha barabara na kujipigiza upande wa nyuma kwenye ukuta wa daraja, upande aliokaa Emanueli.

Mimi nilichubuka kiwiko. Bibi harusi, Paskalina, alivunjika mkono, ukapona. Emanueli alivunjika uti wa mgongo, na tangu siku ile hajasimama.

Mzee Bura alikuja hospitali bado amevaa ovaroli. Nilimpa shikamoo, akaitikia polepole, akakaa karibu yangu kwenye benchi. Nilingoja anitukane. Nilitamani anitukane. Alisema tu, "Jumatatu nilikuona machoni kwamba hukukubali. Ningalizichukua zile springi nikazifungia ofisini. Nikasema, ni mtu mzima huyu." Akalia, mzee yule. Baada ya hapo hakunifukuza, ila hakuniita tena chini ya gari lolote, nami sikuomba. Ameshafariki. Sikuwahi kumwambia kwamba kosa halikuwa lake.

Shokapu zilifika Jumanne iliyofuata, mpya, ndani ya boksi. Sikulifungua.

Paskalina alimuuguza mumewe miaka miwili. Mwishowe Emanueli mwenyewe ndiye aliyemwita, akamwambia arudi kwao, aanze maisha. Alikataa, akalia, kisha akaenda. Hakuna aliyemlaumu. Sasa mdogo wangu anaishi kwangu. Kila asubuhi namgeuza, namwosha, namkalisha dirishani. Hajawahi kunilaumu hata mara moja. Watu huniambia huo ni msamaha, nishukuru. Mimi sijui. Kuna asubuhi ananitazama nikikamua kitambaa, nami natamani aseme neno lolote baya, nipate pa kushika.

Basi sikia, mwanangu. Sikukatazi gari zuri, wala kulishusha. Springi na shokapu zibadilishe pamoja, na kama kimoja hakijafika, mwambie fundi angoje. Aliyezeeka kwenye kazi akikwambia bado, usimngoje aende msibani. Na gari likikuonyesha kasoro, usimpakie mtu mpaka umeiondoa. Akikuuliza mtu kama ni salama, nawe una shaka hata kidogo, mwambie una shaka. Utaona aibu siku moja, harusi itachelewa, watu watacheka. Niamini, aibu hiyo ningeivaa leo mbele ya Babati nzima, ila hakuna wa kunipa nafasi hiyo tena.

Mimi langu halitengenezeki, na sikusimulii ili unifariji. Nenda. Mungu akupe ujasiri wa kuwachelewesha watu, na kila atakayepanda gari lako afike anakokwenda, ashuke kwa miguu yake mwenyewe.