Taa ya baiskeli na ndovu wasiokuwepo

Leo nimetoa majirani wote nje na taa ya baiskeli. Nimechoka, msinicheke sana.

Wiki jana lori nusura linigonge alfajiri nikienda kwa baiskeli kazini kwenye shamba la mkonge. Dereva akasema hakuniona.

Kwa hivyo jioni hii nikakaa uani na betri ya pikipiki na balbu za LED nilizong'oa kwenye tochi mbovu.

Nyingi hazikuwaka. Moja ilitoa moshi.

Halafu moja ikawaka, jamani, hadi nikafumba macho!

Nikaimulika upande wa mlima wa Ndara nione inafika wapi. Waya ulikuwa umelegea, basi ikawa inawaka, inazima, inawaka.

Na huku kwetu ukimulika hivyo, watu wanajua ndovu wameingia shambani.

Nikasikia sufuria inapigwa. Kisha mabati. Kisha mbwa wote wa mtaa.

Jirani yangu Mama Mghoi akatokea mbio na mwiko. "Wako wapi?"

"Mama, najaribu taa ya baiskeli."

Watu wote wananitazama mimi na baiskeli yangu.

Mama Mghoi hakunigombeza. Aliichukua taa, akamulika mahindi yake mpaka mwisho wa shamba. "Hii ni nzuri, Baba Wakesho. Wacha ikae kwangu mpaka nivune."

Wewe ungekataa? Na mwiko bado anao mkononi?

Sasa inawaka kwenye ua wake, naiona kutoka hapa.

Kesho alfajiri nitakutana tena na yule dereva wa lori. Yaani, mimi nitamwona.