Fensi ya Shosho na Reli ya Uwanja wa Ndege

Siku ile, tukimhesabu na ng'ombe, tulikuwa saba. Mimi, kifungua mimba. Mdogo wangu wa kiume, aliyeomba ruhusa kwenye gereji anakofanya kazi, mtaa wa Rhonda. Kitinda mimba wetu, msichana, akiwa bado na sare ya chuo. Mzee wa mtaa na daftari lake. Mpimaji kijana wa mradi wa reli, na mashine yake ya miguu mitatu. Shosho, yaani nyanya, jirani yetu, ambaye si wa damu yetu wala wa kabila letu, ila hatujawahi kumwita kitu kingine. Na ng'ombe wa shosho, aliyefungwa upande wa pili wa fensi, akicheua bila haraka.

Makaburi ya wazazi wetu ndiyo yaliyotukusanya. Reli ya kutoka mjini kwenda uwanja mpya wa ndege ilikuwa imeshachorwa, na vigingi vyenye rangi nyekundu vilikuwa vimepita shamba hadi shamba mpaka vikafika kwetu. Kimoja kilisimama hatua mbili kutoka kichwani kwa mama. Barua ilisema makaburi yatahamishwa.

Niliacha shule darasa la saba, mwaka ambao mama alimfuata baba. Niliuza mboga, nikafua nguo za watu mtaa wa Kiamunyi, nikasomesha hawa wawili. Mengi nimekubali kuyakosa, lakini hilo la makaburi sikulikubali. Baba alikuwa kibarua wa reli. Alihamishwa kutoka stesheni moja hadi nyingine, na ploti hii ndiyo mahali pa kwanza alipopaita kwake. Reli ilimhamisha maisha yake yote. Sikutaka imhamishe tena.

"Kabla sijaandika makaburi yako kwenye shamba la nani, lazima nione bikoni ya mpaka," mpimaji akasema. Alikuwa anatafuta ile nguzo fupi ya saruji inayofukiwa kwenye pembe ya ploti.

Nikamwonyesha fensi ya kayaba, ile miti ya miiba inayopandwa kuwa ua. "Mpaka si huo hapo? Kila mtu anaujua."

Na mimi niliujua kuliko wote. Miaka yote nilimfokea shosho kwa sababu ya mpaka huo. Ng'ombe wake akipenyeza kichwa kwenye kayaba na kung'oa maharagwe yangu, nilikuwa nasimama pale na kupaza sauti: "Shosho, mpaka ni mpaka!" Naye alikuja na kamba, akamvuta, akasema pole.

Mpimaji akaenda upande wa shosho, akachungulia mashine, akatazama ramani, akaanza kutembea kurudi upande wetu. Akapita fensi. Akapita makaburi. Akasimama katikati ya maharagwe yangu.

"Chimba hapa, boss," akamwambia mdogo wangu.

Pigo la tatu la jembe likagonga saruji.

Mpimaji akamgeukia shosho. "Mathe, hii ni shamba yako mpaka hapa. Makaburi yako kwako."

"Najua."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu yachimbwe. Kwani sikuwa na macho?"

Kwetu, kaburi likishachimbwa haliachwi tupu. Watu wakikosea mahali, lazima wazike kitu humo, hata mgomba, ndipo wachimbe lingine. Waliochimba kaburi la baba walikuwa jamaa zetu waliofika kutoka magharibi alfajiri hiyo, hawakuijua ploti. Wakati huo mpaka ulikuwa waya mmoja uliolala kwenye nyasi, na udongo wa ng'ambo ulikuwa laini. Shosho aliamka akakuta shimo kwake.

"Mama yenu alikuwa amekaa juu ya gunia, analia," akatuambia. "Ningemwambia nini? Aende atafute mgomba?"

Baada ya mazishi aliuondoa ule waya, akapanda kayaba ng'ambo ya kaburi, ndani ya shamba lake mwenyewe. Akaacha na nafasi kidogo. Mama alipokufa, nafasi ilikuwepo.

Kitinda mimba akafuta macho kwa sweta. Mdogo wangu akaegemea jembe. "Kwa hivyo ng'ombe alikuwa anakula kwao?"

"Na kutukanwa kwao," shosho akasema.

Mzee wa mtaa alicheka mpaka daftari likamwanguka. Mimi nilitamani lile shimo la bikoni linimeze.

Kisha nilimuuliza mpimaji kama reli haiwezi kusonga.

"Dada, reli si bodaboda, haikati kona ghafla. Lakini tukianza kuipinda kule mbali, nafikiri nitaisogeza hatua kumi. Zote zitatoka kwa huyu mama."

Hatua kumi ndizo zilikuwa malisho ya ng'ombe. Fidia angelipwa, lakini nyasi hangerudishiwa. Shosho akamtazama ng'ombe wake, kisha akamtazama mpimaji.

"Andika."

"Shosho, atakula nini?" nikauliza.

"Utajua wewe. Si wewe ndiye bingwa wa mipaka?"

Ramani ilirudi ofisini ikakaa miezi, ikatoka imepinda. Sasa tuta la reli limeinuka nyuma ya kayaba, kokoto imemwagwa, na mataruma yamepangwa juu yake. Vyuma vya reli bado. Wazazi wetu wamelala palepale.

Kila asubuhi nakata majani ya nepia na kumpelekea ng'ombe mzigo mmoja. Juzi nilimuuliza shosho kama deni linapungua.

"Hilo unamlipa ng'ombe," akasema. "Langu liko palepale. Treni ikianza, utanipeleka mpaka mwisho, nikae dirishani, nione ndege ikiruka. Halafu uninunulie chai, turudi."

Hajawahi kuona ndege ikiwa chini. Magoti yake yamekuwa mabaya, na akifika kwenye kayaba hushika mti kwanza ndipo aniulize mafundi wamefika wapi. Namwambia wamefika darajani. Wiki iliyopita nilimwambia hivyo hivyo. Nimemnunulia raba laini za safari, nimezifunga kwa gazeti, ziko chini ya kitanda changu zikingoja vyuma.