Kiwele cha Mtamba wa Marehemu

Tarehe tisa Machi, asubuhi, nilimpoteza mume wangu. Aliacha nyumba yetu ya Buswelu na ndama jike aliyeachishwa kunyonya majuzi tu. Alikuwa amemnunua ili siku moja tunywe chai ya maziwa yetu wenyewe.

Wifi yangu, dada mkubwa wa marehemu, alikuja matangani na gunia la mashudu ya pamba. Halikuwa la kwetu, alilitoa kwake. "Huyu naye kafiwa," alisema, akimshika ndama masikio. "Yatima halali njaa."

Basi kila aliyetoka kunipa pole alipita zizini kumpa pole na ndama, kwa kiganja cha mashudu. Nilicheka ndani ya kanga. Matanga yakaisha, wifi akaendelea kuleta. Ndama akanenepa mpaka akang'aa.

Siku ya chanjo alikuja mtaalamu wa mifugo, binti mdogo. Alinipa shikamoo, akapapasa kiwele.

"Mama, mnamlisha nini? Hapa nashika mafuta tu."

Akatueleza, mimi na wifi. "Umri huu ndio vimirija vya maziwa vinatoa matawi. Homoni zinapita kwenye damu, zinaziambia ncha za vimirija zisonge, zigawanyike. Vinapenya kwenye mafuta ya kiwele, na mafuta nayo yana ujumbe wake. Yakizidi, matawi huwa machache. Kwa nini hasa, wataalamu bado wanachunguza. Akishika mimba, homoni nyingine zitaotesha vifuko vya maziwa kwenye matawi hayo. Pasipo tawi hakuna kifuko."

"Kwa hiyo nimemziba maziwa?" wifi akauliza.

"Bado hajapata joto la kutaka dume, shangazi, muda upo. Punguzeni mashudu, apate majani."

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, alikuwa mlangoni. "Tumuuze buchani angali mnene. Maziwa ya kubahatisha ya nini?"

"Kaka yako hakununua nyama," nikamwambia.

"Haya, shemeji. Ila asipotoa maziwa tukamchinja, paja ni langu."

Wifi alianza kuja na mzigo wa majani kichwani, akinung'unika kwamba binti yule kamnyima yatima raha. Ndama wetu, sasa mtamba, akapungua, akapata joto, akapandwa. Mimba ilipokua kiwele kilivimba, nami sikukiamini. Mafuta pia huvimba.

Alizaa mchana, salama. Siku za kwanza tulimwachia ndama wake maziwa yote. Kisha nikachuchumaa na jagi, wifi kashika mkia, shemeji kasimama pembeni. Chuchu ya kwanza ilitoa. Nikajaribu ya pili, ya tatu, ya nne. Zote zilitoa. Maziwa hayakuwa mengi, jirani yangu hukamua zaidi. Jagi lilifika nusu.

Machozi yalinitoka.

"Geukia kule," wifi akasema, "usije ukayatia chumvi."

Tukachemsha chai. Shemeji alimaliza kikombe chake, akalisogelea jagi. Nikamwambia yaliyobaki ni ya kesho asubuhi, na yaliyo kwenye kiwele ni ya ndama. Akaweka kikombe chini, akaenda kumfungulia anyonye.