Kitufe cha Kuruka

Siku dobi alipomwona Mama Lehemu kwa mara ya kwanza, aliona miguu tu. Mama mwenyewe alikuwa amelala kifudifudi chini ya meza ya kibanda chake, akitafuta skrubu kwa sumaku. Dobi alikuwa mtu mzima, mvi zimeshaanza kumchungulia, lakini haya zilimjaa mpaka kwenye kucha. Alisimama pale na mfuko wake wa plastiki, akaiamkia ile miguu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ukikanyaga skrubu yangu tutakosana."

Alipotoka, alikuwa amevaa miwani mbili, moja juu ya nyingine. Zamani fundi wa redio pale kibandani alikuwa mumewe. Yeye kazi yake ilikuwa kumshikia tochi. Mzee alipofariki, wateja walianza kuja kuchukua redio zao zikiwa mbovu vilevile. Mjane akakaa mlangoni, akawaambia hakuna redio itakayotoka mle ikiwa imenuna. Akakalia kiti cha marehemu, akaungua vidole kwa lehemu ya kuungia waya, akaunguza na redio za watu, mpaka mkono ukazoea. Hapo ndipo mtaa ulipompa jina la Mama Lehemu.

Dobi akatoa mfukoni rimoti ya gemu ya zamani, ile yenye waya, aliyochezea na kaka yake utotoni. Mashine yake ilishakufa miaka mingi. Alitaka ichezeke tena.

"Utoto umekurudia?"

"Si mimi, mama. Ni kaka."

Akaeleza, macho yakiwa chini. Kaka yake alikuwa fundi rangi. Kiharusi kilimkuta kazini. Maneno yalirudi, miguu ikarudi, ila mkono wa kulia uligoma. Hospitali walimpa mpira wa kuminya, wakamwonya kwamba mkono usipofanyishwa kazi sasa, hautafanya tena. Kaka aliutupa mpira uvunguni, akasema yeye si mtoto mchanga.

"Labda hii ataishika," dobi akamaliza.

Mama Lehemu aliipokea. Alifungua rimoti, akainusa.

"Hii umeifua?"

"Nilitaka nikuletee ikiwa safi."

"Na hivi vyeupe vilivyoganda?"

Dobi akavitazama viatu vyake. "Niliipiga wanga kidogo."

Mama akavua miwani ya juu, akamwangalia kwa ya chini. "Wewe ukikabidhiwa mgonjwa utampiga pasi."

Alisugua wanga wote kwa spiriti. Kisha akatoa kwenye droo kompyuta nzima iliyo kibao kimoja, ndogo kama karata, ina vijipini pembeni. Ndani yake aliweka programu ya kuigiza ile mashine iliyokufa. Akakata plagi ya rimoti, akamenya waya na kuzipima moja moja kwa mita, maana rangi za waya kuukuu hakuziamini.

"Mbili za umeme, tatu za maongezi," alisema huku akilehemu kwenye vijipini. "Huu unaita, huu unahesabu, huu unajibu. Vitufe vinajibu kwa foleni, kama watu wa bombani. Ila umeme mdogo tu. Ukizidi, haka kadude kanaenda kumfuata mume wangu."

Nyumbani kwa kaka waliunganisha kompyuta na TV. Kijitu kikatokea kwenye kioo, kikakimbilia shimo. Mkono wa kushoto wa kaka ulikiendesha vizuri kabisa. Lakini kitufe cha kuruka kilikuwa kulia, na kidole gumba kilikaa juu yake kama mgeni asiyejua wenyeji. Kijitu kikatumbukia. Kikatumbukia tena, na tena.

"Ondoeni takataka zenu," kaka akasema.

Mama Lehemu akaingiwa na huruma. "Subiri, mwanangu. Nabadilisha kidogo kwenye programu, kuruka nakuhamishia kushoto. Utacheza kwa mkono mmoja na hao wenye miwili utawatoa jasho."

Uso wa kaka ukakunjuka. Dobi ndiye aliyenyong'onyea. Kuruka kukihamia kushoto, mkono wa kulia hautakuwa na sababu ya kuamka.

"Usihamishe, mama," alisema.

Wote wawili wakamgeukia. Kaka hakuzoea kumsikia akikataa jambo.

"Mkono wako au wangu?" kaka akauliza.

"Wako. Ndiyo maana."

Kisha, kwa kuwa hakujua aseme nini zaidi, akachukua rimoti akaanza kucheza mwenyewe. Kijitu kiligonga ukuta, kikarudi kilikotoka, kikajitia shimoni.

"Ruka mapema," kaka akanung'unika.

"Nimeruka."

"Umeruka ukiwa shimoni tayari. Tangu utoto uko hivyohivyo."

"Ndivyo inavyochezwa."

"Nani kakudanganya? Lete hapa."

Akampokonya. Shimo likakaribia, na kidole gumba cha kulia kikabonyeza. Kilichelewa, lakini kilibonyeza, kitufe kilisikika. Kijitu kiliruka, kikagonga ukingo, kikaanguka, na hakuna aliyejali. Kaka alikitazama kidole chake kana kwamba kimeingia bila kubisha hodi. Akajaribu tena. Akajaribu hadi shati likalowa, hadi kijitu kikavuka shimo na kuendelea na safari kama vile hakujawahi kuwa na shimo. Kaka akacheka kile kicheko chake cha kumaliza kupaka ukuta mrefu.

Mkono ule baadaye ulishika brashi, kwanza kwenye mlango wa choo, kisha kwenye nyumba za watu. Mama Lehemu hakuwepo kuona. Wiki ileile binti yake alimhamishia kwake, mbali, na alipopita kuaga, dobi alikuwa amepeleka nguo kwa wateja. Kwa hiyo maneno yake ya mwisho kwa dobi ni ya jioni ile, dobi alipomsindikiza mama hadi barabarani akimbebea sanduku la vifaa, huku kicheko cha kaka kikiwafuata kutoka dirishani.

"Nipe sanduku langu, rudi ndani," alimwambia. "Huyo akimaliza gemu peke yake, atakusimanga mpaka mzeeke."