Asali Chini ya Zulia la Gari

Muuzaji pale Mtendeni aliapa kwamba gari lake la familia halijawahi kukanyaga vumbi: ni kazini, msikitini, nyumbani, basi. Mimi nikakagua injini na matairi kama mtu anayejua, na sijui kitu. Mke wangu, binti wa mrina asali wa Ipole, alikwenda moja kwa moja nyuma, akafunua zulia, akakwangua kitu cheusi kinachonata, akakilamba. Aibu gani hii! Akafumba macho, akalamba tena.

“Asali hii ni ya msitu wa kwetu,” akamwambia muuzaji. “Na lami haijafika huko.”

Yule bwana akamtazama vizuri.

“Dada,” akauliza taratibu, “kwani wewe ni mtoto wa nani kule?”